Ng'ombe wa Nepia Tupu

Msichana wa utafiti kutoka Kitale alipima maziwa mara ya pili, kisha akacheka peke yake.

"Mama Nekoye, huyu ng'ombe umempa nini?"

"Nyasi za nepia tu. Si ndivyo ulivyoniagiza?"

Kwa miezi miwili ng'ombe mmoja wa Nekoye alikuwa akiongezewa majani ya mti wa kaliandra ili maziwa yaongezeke, na mwenzake akila nepia tupu. Sasa maziwa ya huyu wa nepia tupu yalikuwa yamepanda kwa lita mbili.

"Basi si chakula, ni damu," msichana alisema, akifungua daftari. "Kesho nitawaambia wakulima wa Matulo waache kuhangaika na kaliandra. Watafute mbegu ya dume aliyemzaa huyu."

Nekoye aligeuka kumtazama ng'ombe. Pembeni pa mdomo wake palinata jani moja la kaliandra, jembamba kama unyoya, likipanda na kushuka kila alipocheua.

Angeweza kulipangusa kwa kidole gumba, na mambo yangeishia hapo. Lakini nusu ya Matulo ingeng'oa kaliandra yake. Na tangu utafiti uanze, yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza: kwa nepia tupu, huyu angetoa lita ngapi kweli?

Alilibandua jani, likiwa bado na ute, akaliweka kwenye ukurasa ambao kalamu ilikuwa karibu kuugusa.

"Kila mwenzake alipokula alikuwa akinitazama, binti," alisema. "Tukianza tena, wewe ndiye umlishe."