Kichujio cha Kavutha

Kavutha aliweka kiganja juu ya kompyuta inayopokea barua pepe za chama cha madereva, Kaloleni. Ilikuwa ya moto kama pasi.

"Mashine yako imelala tena?" mwenyekiti alimtania.

"Kichujio cha barua taka kimeielemea, mzee. Ngoja nikipunguzie kazi."

Alipokipunguzia, feni ikatulia. Akafungua kilichokuwa kimezuiwa. Ulikuwa ujumbe mmoja, uliotumwa kwa wanachama wote tena na tena, wenye picha kubwa ya dereva mwenzao kitandani hospitalini. MUME WANGU ANAHITAJI DAMU LEO. TAFADHALI.

"Sasa barua pepe zinaingia!" mwenyekiti alisema, akiinamia simu. Kisha akavua kofia polepole.

"Tangazo la mazishi. Ni dereva wetu Mulama. Kwani huyu mama alishindwa kutuambia mumewe anaugua?"