Chumvi Isiyopita Dukani

Asubuhi hiyo, kabla duka halijafunguliwa, Nesta alikuwa amechuchumaa uani na jiwe mkononi, anagonga kopo la kupimia chumvi. Hakuwa analiharibu. Alikuwa analitengeneza. Tako la kopo lilikuwa limebonyezwa likaingia ndani kama ngumi ya mtoto, naye alilisukuma mpaka likanyooka. Akalirudisha kaunta, akachukua bakuli lake, akaenda kusimama nje na wenzake.

Bwana Duka, watu wote wa Nanyala walimwita hivyo, akafungua mlango. Akaanza kumpimia Ketrina. Chumvi ikazama kwenye kopo, ikazama, na wala haikujaa.

“Nani amegusa kopo langu?”

“Mimi,” alisema Nesta.

“Mama Lusubilo! Unanitafuta nini wewe?”

“Chumvi inayolingana na hela yangu.”

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bwana Duka akaligeuza kopo kifudifudi, akalibonyeza tena kwa mpini wa panga, palepale mbele yao.

“Asiyetaka, akalambe udongo na mbuzi.”

Ketrina alinunua, maana nyumbani sufuria ilikuwa motoni. Nesta aliondoka na bakuli tupu.

Hasira yake ilikuwa na mizizi. Kila Jumamosi mume wake alimpa hela ya jikoni, na kila Jumatano ilikuwa imekwisha. Alishaacha sukari. Mboga alichuma mwenyewe porini. Taa alizima watu wakiwa bado wanatafuna. Bado haikutosha, na watoto wakala maharage yasiyo na ladha. Mume wake akionja alisukuma bakuli. “Hujui kununua,” alisema. “Mkono wako umetoboka.” Tena alisema mwezi ukiisha, hela ya jikoni ataishika dada yake, Aida. Nesta, mama wa watoto wanne, awe anaomba chumvi kwa wifi yake kama mtoto!

Mchana, wakiwa shambani kwa Ketrina, wanapalilia kwa zamu kama kawaida yao, Nesta akasimama, akaegemea jembe.

“Leo tunamlimia Ketrina. Kesho Roda. Sasa kama tunalimiana, kwa nini tusinunuliane?”

“Tununue wapi?” aliuliza Roda. “Duka ni hilo moja.”

“Ivuna.”

Wakamcheka. Chumvi ya Ivuna ilikuwa ya bibi zao, ya kijivu, inachemshwa kwenye vyungu kule bondeni. Siku hizi watu wanataka nyeupe, ya lori.

“Cheupe kinachokuibia ni cheupe gani?” alisema Nesta. “Kule wanataka maharage, na maharage tunayo. Shilingi haitoki hata moja.”

Ketrina aliacha kupalilia, akamwangalia. “Sisi tukirudi na chumvi, waume zetu watafurahi. Wewe je?”

“Wangu naye atafurahi. Polepole.”

Kila nyumba ikatoa maharage. Nusu ya wanawake wakabaki, wapalilie mashamba ya wote na walishe watoto wa wote. Nusu wakateremka na mizigo kichwani, Nesta mbele. Njia ya bondeni ilikuwa mawe matupu, na joto la chini likawapiga kama mvuke wa chungu. Roda aliteleza, akamwaga maharage, akakaa chini akalia kwamba anarudi. Nesta alipiga magoti, akaokota punje kwa punje, akamtwika tena.

Waliporudi na chumvi, Nesta hakwenda kwake. Alilala kwa Ketrina. Asubuhi akatandika mkeka ng'ambo ya barabara, akaangaliana na duka uso kwa uso, akaanza kugawa. Aliyetoa maharage mengi akapata bakuli la mlima, na aliyetoa machache akapata lake la haki.

Bwana Duka akatoka mlangoni. “Una leseni? Nitakupeleka bomani kwa Bwana Shauri!”

“Nipeleke! Siuzi. Walitoa maharage yao, wanachukua chumvi yao. Labda Bwana Shauri naye ana maharage?”

Mpaka dereva wa lori la Tunduma alicheka.

Siku ya pili watu wa Hasamba, kijiji cha jirani, walikuja na maharage yao, wapate zamu ya safari nyingine. Kwa kuwa hawakuingia dukani kwa chumvi, hawakuingia kwa sabuni wala kiberiti. Siku ya tatu Bwana Duka akapunguza bei, akaitangaza kwa kelele. Hakuna mguu uliovuka barabara. Gunia lake la chumvi nyeupe lilianza kutoa maji kwa unyevu wa mvua. Alikaa kaunta na shati la juzi, anatafuna mahindi ya kuchoma.

“Utamuua mtu wa watu,” Roda alinong'ona.

“Hafi. Anajifunza kununua.”

Jioni Aida, yule wifi yake, akatoka mle dukani, macho chini, akavuka barabara peke yake. Akapiga goti mbele ya mkeka.

“Wifi, kaka anasema kopo ameshalinyoosha, na hela ya jikoni ushike mwenyewe. Anasema, mke gani anamfungia mume wake duka? Rudi nyumbani umpikie.”

Nesta alijaza bakuli likawa mlima, akamwita anayefuata.