Mteja Asiye na Haraka

Chiriku alivuta pumzi, akaingia karakana ya baba yake na kuanza kusifia kitu asichokitaka.

"Baba, nimeamua. Nasoma sheria na biashara kwa pamoja."

Baba hakuinua uso. Alikuwa ameinamia meza, anafunga kulabu nyuma ya kibao kilicholazwa kifudifudi juu ya kitambaa. Kazi yake ni kuchonga vibao vya maduka na ofisi, na kulabu huzifunga mwisho kabisa, rangi ikishakauka. Mama alikuwa ameketi mlangoni, anashona kifungo cha shati.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Baba ni mbishi wa kuzaliwa. Mwambie jua kali, atavaa sweta. Ukitaka kitu kwake, omba kinyume chake. Chiriku alilijua hilo tangu utotoni. Hata alipotaka kuacha sayansi shuleni, aliisifia fizikia wiki nzima, mpaka baba akapiga meza na kusema hataki kuisikia tena nyumbani kwake.

Sasa chuo kilikuwa kimemkubali kote kuwili: sheria peke yake, miaka minne, au sheria na biashara, miaka mitano. Moyo wake ulikuwa kwenye sheria tu. Lakini mlipa ada ni baba, na chuo kilitaka jibu leo, kabla ofisi hazijafungwa.

"Kampuni zitanigombania," aliendelea. "Nitajua mtaji, nitajua kodi. Na karakana hii nitaiendesha kisasa."

Akasubiri abishiwe.

"Mwenye hicho kibao anakuja leo?" mama aliuliza.

"Hana haraka," baba alijibu, kisha akamgeukia binti yake. "Unaipenda kweli hiyo biashara?"

"Sana."

"Kama ulivyoipenda fizikia?"

"Zaidi ya fizikia, baba."

Mama akakohoa. Baba akakaza skrubu, akapuliza vumbi.

"Haya, umenishinda. Soma sheria na biashara. Simu yangu hiyo hapo, wapigie chuo."

Chiriku aliitazama simu bila kuigusa. Tangu azaliwe hajawahi kumsikia baba akisema ameshindwa.

"Hutaki hata kubisha kidogo?"

"Nibishe nini? Umepima mwenyewe, umechagua mwenyewe. Piga simu, mwanangu, wasije wakafunga."

Alimtazama mama yake amwokoe. Mama alikuwa amekazana na kifungo kana kwamba shati linaondoka. Chiriku akaichukua simu, akaishika kidogo, akairudisha mezani.

"Sitaki," alisema.

"Hutaki nini?"

"Biashara. Nikiona hesabu za faida na hasara nasinzia. Baba, mimi nataka kusimama mahakamani, mtu aliyeonewa amekaa nyuma yangu, nimsemee. Unakumbuka yule jirani alipokuwa anatolewa vitu nje? Nilimsemea mimi, mpaka mwenye nyumba akaondoka. Sijawahi kujisikia vile. Najua kampuni zinalipa vizuri. Najua karakana inataka mtu wa hesabu. Ukisema nisome biashara nitaisoma. Ila ujue siitaki."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalimkera. Kwa mara ya kwanza alikuwa amemwomba baba yake kitu bila kuzunguka, na aliogopa kuliko siku ya mtihani.

Baba akaweka bisibisi chini.

"Siku utakayosimama mbele ya hakimu, utaanza na ile hotuba ya kwanza au na hii ya sasa?"

"Na hii."

"Haya. Basi waambie chuo sheria tupu." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Ukimaliza, njoo unisaidie kukigeuza hiki kibao. Ni kizito."

Chiriku alipiga simu haraka haraka, kabla mzee hajabadili mawazo. Kisha akashika upande mmoja, baba akashika mwingine, wakakigeuza.

Herufi zilikuwa za dhahabu, zimekauka kabisa: CHIRIKU, WAKILI.

"Mwenyewe anakichukua baada ya miaka minne," mama alisema, na kukata uzi kwa meno.