Boriti ya Mlangoni kwa Kibwana

Jumanne ya tarehe nne Machi ndiyo siku mambo yalipomharibikia Mzee Kibwana.

Kila mwaka wakubwa wa mji huzipasha moto boriti za chuma za kila nyumba, kisha huzipoza ili zipate nguvu mpya. King'ora cha kupoza kikilia, ni marufuku kutundika kwenye boriti hata kanga.

"Baba Siwema, kishushe hicho kiroba chako cha mchele hapo kwenye boriti ya mlango," mkewe Mwanaidi alimwambia king'ora kilipolia siku hiyo.

"Boriti hii inabeba lori, mama! Wanatutisha tu hao," akajibu, akaenda zake kucheza bao.

Boriti ikapinda, mlango ukakwama. Pumu ikambana Mwanaidi humo ndani, na majirani walipouvunja mlango alikuwa ameshafariki.

"Chuma kikipoa hubadilika ndani kwa ndani," fundi wa mji alieleza msibani. "Saa hiyo hata mzigo mdogo hukipinda, na hakirudi tena."

"Hamkutuonya kwamba hata kiroba kinaweza kuua!" Kibwana alifoka, na waombolezaji wakamuunga mkono. Kadiri walivyomtetea ndivyo aibu ilivyozidi kumtafuna, hata akashindwa kuinua uso.

Siwema, bintiye, akamsogelea mkekani.

"Baba, siku ile mama hakukwambia kitu?"