Sahihi ya Bwana Kumbikumbi

Waliohudhuria kikao cha mgomo ni hawa: Twiga, mfungaji, Mbuni, mwenye mbio, Nyani, mtoa pasi, Kobe, mlinzi na msemaji wa wachezaji, na Bwana Kumbikumbi, mwenye timu ya kikapu, aliyekuwa ameota mabawa asubuhi ile ile baada ya mvua.

Twiga alikuwa na dai moja tu. Jasho lilikuwa lao wachezaji, lakini mapato ya mlangoni yalikuwa ya mwenye timu, na wao waliambulia kibaba cha mtama kwa mwezi.

"Bwana, tugawane nusu kwa nusu," alisema.

Kumbikumbi akapigapiga mabawa yake mapya. "Ati nusu! Shingo ndefu, akili fupi. Maadamu mimi ni hai, ni kibaba kile kile. Nikifa, chukueni yote!"

"Yaandike hayo, Bwana," alisema Kobe taratibu, "kisha utie sahihi."

Kumbikumbi akaandika huku akicheka, akatia sahihi, akaruka kwenda kuwaringia majirani.

"Mzee Kobe, umetuuza!" Twiga alifoka. "Tutamngoja afe mpaka lini?"

"Mwanangu, nimeona mvua za miaka mia na kumi," Kobe akajibu. "Kumbikumbi wa jana sijapata kumwona."

Twiga akatafakari, kisha akacheka mpaka shingo ikayumba. Mgomo ukasitishwa, wote wakaenda mazoezini.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Bwana Kumbikumbi alifariki dunia.