Shamba Safi la Kanga

Baada ya mavuno, Kanga hakutulia. Kila jani lililoanguka kwenye shamba lake la mlimani lilimtia hofu.

"Majirani watasema mimi mchafu," alinung'unika, akafagia mpaka udongo ukabaki wazi.

Bondeni chini yake, Fuko alikuwa akipanda kunde katikati ya mabua makavu.

"Jirani, funika udongo wako," alimwambia. "Macho yangu mabovu, lakini mvua naisikia inakuja."

"Niuache na takataka? Watu watanionaje?"

Mvua ikamwagika. Ilipokatika, Kanga alishuka mbio, roho mkononi.

"Fuko, udongo wangu uko wapi?"

"Uko hapa. Umenasa kwenye mabua yangu."

Kanga akageuka kutazama mlimani. Ulibaki mwamba mtupu, safi, hauna hata jani moja.