Zamu ya Mchi

Kila Jumatano saa nne asubuhi wapimaji wa miamba huitikisa ardhi, na Tukuyu nzima hukaa kimya, ili mawimbi ya tetemeko yapenye hadi kiini na kurudi na picha ya tumbo la dunia. Tusekile alisahau siku, akatwanga mahindi yake hadi mwisho.

Jioni mpimaji mmoja alifika na picha ya siku hiyo mkononi.

“Sikuja kukugombeza, mama. Nani alikuwa akipokezana nawe kutwanga?”

“Nilitwanga peke yangu, baba.”

Mpimaji alikuna kichwa. Kwenye picha, baina ya kila mapigo mawili ya Tusekile palikuwa na pigo jingine, kutoka kule chini ambako mwamba ni laini na mawimbi huenda polepole. Halikukosea zamu hata mara moja.

Alipoondoka, Tusekile aliinua mchi, akapiga mara moja. Kisha, bila kujua kwa nini, akausogeza pembeni ampishe mwenzake.